Daftari la Majaribio la Kabati Lenye Miguu

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza kazi. Kazi yenyewe ni kubonyeza. Nina miaka sabini na minne, shule niliishia darasa la nne na nusu (ile nusu mwalimu aliugua akaondoka na chaki zake), na leo mjukuu wangu wa kike ameniajiri kuwa mjaribu wa tovuti. Amenipa daftari hili la jalada gumu na kalamu mbili, moja ya akiba, maana ananijua.

"Kurasa za kulia, babu, unaandika ulichobonyeza, ulichokitegemea na kilichotokea. Kila siku, na tarehe."

"Na za kushoto?"

"Za kushoto zako. Chora hata mbuzi."

Sichori mbuzi. Nitachora mtu.

Miaka ishirini na tisa nilitunza chumba cha kadi katika kituo cha afya kilicho mwisho wa barabara yetu. Kadi elfu sita. Mgonjwa akisimama dirishani, hajafungua mdomo, mkono wangu uko kwenye rafu. Kisha akaja meneja mpya mwenye tai ndefu kuliko subira yake, nasi tukamwita Tai. Wiki ya tatu tu akanisimamisha kwenye korido, foleni nzima inatazama, akasema: "Mzee, dunia ina kompyuta. Hatuwezi kuendelea kulisha kabati lenye miguu." Foleni ikacheka. Dada wa mapokezi, niliyekunywa naye chai miaka kumi, alicheka mpaka akashika meza. Niliondoka saa ile ile. Mlangoni nilikuta mwavuli wangu umening'inia kwenye kitasa, ingawa ningeapa kwamba asubuhi niliuacha nyumbani. Ndivyo nilivyochanganyikiwa.

Hiyo ni miaka miwili sasa. Watu husema yaliyopita si ndwele. Yangu ni ndwele, na nailisha vizuri, inanenepa.

Sasa kituo kinataka tovuti: mgonjwa aandike namba ya kadi kwenye simu, ajiwekee siku ya kumwona daktari. Aliyepata kazi hiyo ni mjukuu wangu, kazi yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe baada ya miaka minne ya kutumikia majina ya wengine. "Ikiharibika hii, babu, hakuna atakayenipa nyingine." Nikamwambia haitaharibika. Sikumwambia kilichonifanya nikubali.

Siku ya uzinduzi Tai atasimama mbele ya Bodi ya kituo na skrini kubwa, kwenye korido ile ile. Nataka aanguke pale pale aliponiangusha, foleni ikitazama.

Jumanne, Machi 4

Leo tumesakinisha. Nilidhani tovuti inaandikwa kama barua. Kumbe kwanza inaagiziwa vifaa. Mjukuu kaandika mstari mmoja kwenye kioo cheusi, maandishi yakaanza kuporomoka kushinda mvua ya nje. "Vifurushi elfu moja mia mbili na kumi na vinne," kasema, vya watu asiowajua, kutoka miji asiyoijua. Nikamwambia mimi nilimuoa bibi yako kwa vifurushi vichache kuliko hivyo na mpaka leo ndoa inafanya kazi.

Bibi yake akajibu kutoka jikoni: "Inafanya kazi kwa sababu sijaizima."

Mjukuu kanieleza kwamba yeye anatengeneza upande wa mbele tu, ule unaoonekana na macho. Upande wa nyuma, yaani seva yenye kadi, ni wa kituo. Makarani wa Tai ndio walioingiza kadi huko. "Mimi nashona koti, babu. Bitana ni ya kwao."

Jumatano, Machi 5

Mvua. Umeme ulikatika. Nilibonyeza hewa.

Alhamisi, Machi 6

Seva ya kituo haijafunguliwa bado, kwa hiyo skrini zinahitaji wagonjwa wa bandia ili zisikae tupu. Mjukuu kaniambia nitunge ishirini. Jamani, fisi amekabidhiwa bucha! Nimeandika hivi:

Mgonjwa wa kwanza: Bwana Tai. Tatizo: kichwa kimevimba, kofia haziingii. Dawa: sindano ya adabu, kutwa mara tatu.

Mgonjwa wa pili: Bwana Tai. Tatizo: shingo haipindi, hawezi kuwasalimia waliomzidi umri. Dawa: akandwe kwa maji ya moto, maji yasipoozwe.

Mgonjwa wa tatu: Bwana Tai. Tatizo: ulimi umekatika breki. Dawa: asukumwe mlimani.

Na kuendelea, mpaka ishirini. Mjukuu alisoma akacheka mpaka akalia, kisha akafuta machozi akawa mtu wa kazi. "Sawa, ni data ya mfano tu. Tazama hapa." Akanionyesha faili fupi, ndani yake mstari mmoja unaosema skrini zichote wagonjwa wapi. Umeandikwa: mfano. "Siku ya kuipandisha hewani nabadilisha neno hili liwe kweli. Basi, wagonjwa wako wote wanatoweka, wanaingia wa kwenye seva."

"Na ukisahau?"

"Nikisahau, kila mwenye simu atamsoma Bwana Tai na uvimbe wake. Na mimi nitakwenda kuuza mkaa."

Neno moja. Herufi tano. Nimelikunja nikaliweka mfukoni.

Ijumaa, Machi 7

Leo nusura nife. Kumbe mkataba wa mjukuu una kifungu: kila Ijumaa meneja asome daftari la majaribio, atie muhuri na sahihi kila ukurasa. Kila ukurasa! Nimeambiwa tukiwa tayari mlangoni kwake, maji yanatuchuruzika. Nikamnong'oneza mjukuu, "Tuzichane hizi za kushoto."

"Ukichana ukurasa mmoja, daftari zima halina thamani," kasema, akalichukua mkononi mwangu.

Tai hakusimama. "Ala! Kabati limerudi! Safari hii linafanya nini?"

"Linabonyeza, bosi."

Alicheka kwa pua. Akafungua daftari, akaona mwandiko wangu, akakunja uso kama aliyefungua kopo lililochacha. "Huu ni mwandiko au kuku amepita na tope?" Muhuri wake una maneno makubwa: IMESOMWA NA KUKUBALIWA. Pa! Pa! Pa! Kulia, kushoto, sahihi juu yake. Alikuwa anaongea na simu huku anapiga. Hata mstari mmoja hakusoma.

Nimefika nyumbani nikafungua Machi 3. Pale nilipoandika nataka aanguke foleni ikitazama, katikati kabisa, kwa wino wa bluu: imesomwa na kukubaliwa.

Nimelala kama mtoto.

Jumatatu, Machi 10

Kujiandikisha kunataka tarehe ya kuzaliwa. Kinafunguka kikalenda kidogo kizuri, kina mshale wa kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Nikaanza na chai ya asubuhi. Nimepita kustaafu, nimepita kuzaliwa kwa mjukuu, nimepita harusi, nimepita mwalimu na chaki zake. Saa sita mchana nikafika nilikozaliwa. Mibonyezo mia nane themanini na nane. Mara kidole kikateleza, ukurasa ukajifunga, nikarudi leo.

"Kwangu inafanya kazi vizuri," kasema mjukuu.

"Wewe umezaliwa juzi."

Kaondoa kikalenda, kaweka vijisanduku vitatu vya kuandika. Asiyejua tarehe aandike mwaka tu. Mimi mwenyewe tarehe yangu ni ya kukisia.

Jumanne, Machi 11

Jina lenye ng' linakataliwa. Tovuti inasema: "Tafadhali andika jina halali." Nusu ya wagonjwa wa kituo wameharamishwa kwa sababu ya kinukta. Karekebisha.

Alhamisi, Machi 13

Nimejiwekea miadi ya majaribio saa nane mchana. Tovuti ikaandika 8:00. Baadaye kidogo ikaniletea ujumbe: samahani, umechelewa kwa saa sita. Nimchelewee daktari kwa saa sita, na mimi nimekaa hapa hapa na soksi sijavaa!

Mjukuu akajipiga kofi la paji la uso. Vile vifurushi vyote elfu moja mia mbili vinahesabu kutoka usiku wa manane, sisi tunahesabu kutoka kunakokucha, na kati yetu hakuna aliyekumbuka kuuliza. Wagonjwa wangekuwa wanapishana na madaktari mlangoni. Sasa inaandika kwa maneno: saa nane mchana.

Nimeanza kuona kwamba binti huyu ana akili, ila anaiamini mno mashine yake. Ana majaribio arobaini na moja ambayo kompyuta inajifanyia yenyewe, na yote yanatoa alama ya kijani. Yangu ndiyo yanatoa nyekundu.

Ijumaa, Machi 14

Nimepata ujasiri. Kwenye ukurasa wa kushoto nimeandika kwa herufi kubwa: MENEJA HUYU HASOMI. Chini yake: AKISOMA HAPA ANIPIGE KOFI.

Pa. Pa. Pa. Sahihi.

Shavu langu zima.

Jumatano, Machi 19

Mvua siku ya sita mfululizo. Kitufe cha "Thibitisha" ni kidogo kama punje ya mtama, kidole changu kinagonga "Futa" kila mara. Nimejifuta mara tisa. Nimemwambia mjukuu anipime kidole kwa rula. Kanipima kweli, kisha kakuza kitufe.

"Mume wangu," kasema, maana ndivyo tunavyotaniana, "kidole chako ni kipana kuliko mustakabali wangu."

"Mke wangu, kidole hiki kimefungua kadi elfu sita. Kiheshimu."

Ijumaa, Machi 21

Pa, pa, pa. Ameniita kabati tena, mbele ya dada wa mapokezi. Safari hii dada hakucheka. Aliinamisha kichwa akapanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Mnafiki.

Jumanne, Machi 25

Naandika jambo zito, na naliandika kushoto.

Mjukuu akiandika neno lake la siri midomo inamcheza, kama mtu anayeomba dua. Nimemsoma midomo siku tatu. Ninalo. Na mahali faili lile fupi lilipo napajua.

Asubuhi ya uzinduzi, yeye akiingia bafuni, nitafungua kompyuta na kulirudisha neno: kweli iwe mfano. Kisha nitampandisha hewani Bwana Tai na maradhi yake ishirini. Atasimama mbele ya Bodi, atabonyeza kwa madaha, na skrini kubwa itawasomea: kichwa kimevimba, kofia haziingii.

Nimeifikiria picha hiyo tangu asubuhi mpaka chai yangu imepoa mara mbili.

Mjukuu? Ndiyo, itamchafua kidogo. Nitasema ni mimi. Lakini nani atamwamini fundi ambaye koti lake linafunguliwa na babu? Nimefunga daftari, nimelifungua tena. Neno bado liko mfukoni. Halitoki.

Ijumaa, Machi 28

Pa. Hata ukurasa wa Jumanne. Mpango wangu wa kumwangamiza, imesomwa na kukubaliwa. Nilijikohoza kuficha kicheko, akanisukumia kisanduku cha karatasi laini akisema nisimwambukize.

Jumatatu, Machi 31

Mvua. Bibi anasema nimeanza kucheka nikiwa peke yangu chooni. Nimemwambia si mimi tu.

Maana kweli nilimsikia mjukuu naye akicheka humo jana, peke yake, dakika nzima. Vijana na simu zao.

Jumatano, Aprili 2

Seva ya kituo imefunguliwa. Mjukuu kabadilisha mfano kuwa kweli kwa ajili ya majaribio ya leo tu. Ukiandika namba, skrini inajibu tu: "Kadi ipo" au "Hakuna kadi yenye namba hii."

Alinipa orodha ya namba kumi alizopewa na Tai. Zote zipo. Alama kumi za kijani. Akataka kufunga kompyuta.

"Ngoja," nikasema. "Nami ninazo zangu."

Nikafumba macho nikaingia chumbani mwangu mwa zamani. Rafu ya juu, kushoto kwenda kulia. 0031, yule mshona viatu. Ipo. 0514, mapacha wa fundi bomba. Ipo. 1188, ipo. Rafu ya chini: 2003, yule mama wa shinikizo la damu anayeogopa sindano. Hakuna. 2040, hakuna. 2217, hakuna. 2390, hakuna. 2412, ipo.

Mjukuu alikuwa ameacha kutafuna kalamu. "Babu, tena. Polepole."

Tulibonyeza mpaka mvua ikaisha na kuanza tena. Kuanzia 2000 mpaka 2411 hakuna hata moja. Rafu nzima ya chini, kadi mia nne na kumi na mbili, watu mia nne na kumi na wawili, hawapo. Na wengi wao ni wale wa dawa za kila mwezi. Siku tovuti ikifunguliwa, dirisha la kadi litafungwa. Wataandika namba zao, na simu zitawaambia hawajulikani.

Nimeandika zote ukurasa wa kulia, namba moja moja. Mkono umekufa ganzi.

Alhamisi, Aprili 3

Nimekwenda kwa dada wa mapokezi, miaka miwili bila salamu. Nilimkuta anakamua kitambaa cha kudekia, dari la mapokezi linavuja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Rafu yangu ya chini iko wapi?"

Akakaa kwenye ndoo. Ndiyo, juu ya ndoo. Akaniambia kwamba mvua za mwaka jana ziliingia chumba cha kadi. Tai alikuwa ameamuru rafu ya chini ishushwe sakafuni ili apate nafasi ya kabati lake la makombe. Kadi zikalowa, zikashikana, zikaota ukungu. Akaagiza zichomwe nyuma ya nyumba ya kufulia, na akamwambia dada, "Wewe hukuona."

"Na ukakubali?"

"Nina watoto watatu, mzee." Kisha akasema, bila kuniangalia: "Siku ile kwenye korido, nilicheka kwa sababu alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatafuta wa pili wa kufukuza."

Miaka miwili nimemwandikia dada huyu hukumu ya kifungo cha maisha. Leo imebidi nimpunguzie. Sijamwachia, nimempunguzia.

Ijumaa, Aprili 4

Mjukuu alimwambia Tai kwa mdomo wake: "Bosi, kuna kadi zaidi ya mia nne hazipo kwenye seva. Ziko hapo ukurasa wa kulia, tumeziorodhesha. Tafadhali soma kabla hujatia muhuri."

"Nani kazihesabu?"

"Babu."

"Kutoka wapi?"

"Kichwani," nikasema.

Tai alicheka mpaka tai ikapanda na kushuka. "Hizo ni kadi za mizimu ya kabati. Binti, wewe tengeneza vitufe." Pa! Juu ya orodha. Sahihi yake imepita katikati ya 2217.

Ijumaa, Aprili 11

Pa, pa, pa. Lakini leo nimesikia jambo. Dada wa mapokezi kanifuata nje chini ya mvua na faili kichwani. Tai amemwambia mhasibu: "Likitokea lolote, programu ya yule binti ndiyo imekula kadi. Mwanafunzi tu yule."

Sasa nimeelewa. Anajua kadi hazipo. Anangoja koti lipasuke ili amtupe fundi.

Jumamosi, Aprili 12

Siku nzima nimekaa na lile neno la mfukoni. Nikirudisha mfano asubuhi ya uzinduzi, nitakuwa nimemkabidhi Tai alichokuwa akikitafuta: ushahidi kwamba tovuti ya binti ni ya kihuni. Mimi, kwa kidole changu mwenyewe, nimchomee mjukuu wangu kadi yake.

Binti huyu alijifunza kusoma kwa vibandiko vya droo zangu za majina. Alikuwa akikaa sakafuni, anataja: A mpaka CH, D mpaka G.

Nimelitoa neno mfukoni. Limeniuma kama jino. Bwana Tai wangu wa maradhi ishirini, pumzika kwa amani.

Lakini sijasamehe. Asije mtu akasoma hapa akadhani nimesamehe.

Jumanne, Aprili 22

Tumepandisha. Alama arobaini na moja za kijani, zangu nyekundu thelathini na sita zote zimerekebishwa. Imebaki moja nyekundu, ya kadi zisizokuwepo, ambayo si ya upande wetu. Mjukuu alibadilisha neno kuwa kweli mbele ya macho yangu, akanigeuzia kompyuta. "Bonyeza wewe, babu."

Nikabonyeza kwa kidole kile kipana. Ikapanda hewani kwa sekunde arobaini. Miaka ishirini na tisa nilipanda ngazi ya rafu, na hakuna kupanda kulikonichukua muda mrefu hivi.

Jumatano, Aprili 23

Nitaandika mpaka kalamu ya akiba iishe.

Korido ilijaa. Mbele Bodi, watu saba, katikati Mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye miwani ya kamba. Nyuma yao foleni ya wagonjwa, maana wagonjwa hawana uzinduzi. Ukutani skrini kubwa. Nje mvua inapiga bati kiasi kwamba Tai alilazimika kupaza sauti, na sauti yake anaipenda.

"Waheshimiwa, tovuti hii ni rahisi kiasi kwamba hata mzee asiyesoma anaweza! Tunaye hapa. Mzee, njoo." Wazo hilo alipewa na dada wa mapokezi. Alimwambia litapendeza kwenye picha.

Akaniwekea mkononi kijikaratasi chenye namba aliyoichagua yeye, 0514. Nikasimama mbele ya kompyuta. Nikakunja kijikaratasi. Nikaandika 2217.

Skrini, kwa herufi ambazo mimi mwenyewe nilidai zikuzwe: HAKUNA KADI YENYE NAMBA HII.

"Mzee amekosea," akasema Tai, anacheka na Bodi. "Vidole vya uzee."

"Jaribu wewe, bosi. Vyako vya ujana."

Akaandika. Hakuna. Akaandika tena kwa kugonga, utadhani kompyuta ni mlango. Hakuna. Nikaona jasho likitafuta njia kwenye kola.

"Namba hiyo ni ya nani?" akauliza Mwenyekiti.

"Ya mama yako, Mwenyekiti. Rafu ya chini, jalada la kijani. Pembeni lina doa la chai. Doa ni langu, niwie radhi."

Mwenyekiti akavua miwani.

Tai akamgeukia mjukuu wangu, kidole mbele. "Nilijua! Programu ya huyu binti imekula kadi! Nilisema tangu mwanzo, ni mwanafunzi!"

Mjukuu hakupaza sauti. Alifungua mkoba, akatoa daftari hili, akafungua Aprili 2, kisha Aprili 4, akampa Mwenyekiti. Na mwalimu ni mwalimu: alivaa miwani akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, mwandiko wangu haukumtisha. Elfu mbili mpaka elfu mbili mia nne na kumi na moja, hazipo kwenye seva, meneja ameambiwa. "Na hapa kuna muhuri. Imesomwa na kukubaliwa. Hii si sahihi yako?"

"Ni yangu, lakini..."

"Kwa hiyo ulijua."

"Hapana, Mwenyekiti! Mimi sikusoma!"

"Muhuri unasema umesoma."

"Natia tu muhuri! Lile daftari sijapata kulisoma hata mstari!"

Mwenyekiti akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akaingia kushoto. Nikataka sakafu ipasuke. Akasoma: "Meneja huyu hasomi. Akisoma hapa anipige kofi." Muhuri. Sahihi. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa mgonjwa wa mgongo, akajishika mgongo. Kisha foleni nzima.

"Nakuuliza mara ya mwisho," akasema Mwenyekiti. "Ulisoma au hukusoma?"

"Nilisoma... yaani sikusoma... nilisoma juu juu."

"Kama ulisoma, ulijua kadi hazipo ukanyamaza. Kama hukusoma, umetia sahihi uongo wiki saba. Chagua."

Tai akalegeza tai yake. Dada wa mapokezi akasimama nyuma ya meza yake, akasema: "Zilichomwa nyuma ya nyumba ya kufulia. Mimi niliona."

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, kwa muda wa pumzi mbili. Maana Mwenyekiti alikuwa bado anafunua, na miwani ikasimama Machi 25. Akasoma nusu kwa sauti: nimemsoma midomo siku tatu, neno ninalo, asubuhi ya uzinduzi nitalirudisha... Hapo akaacha kusoma. Akamtazama mjukuu wangu juu ya miwani, kisha akanitazama mimi. Akafunga daftari.

Mjukuu alikuwa anatazama mvua.

Alhamisi, Aprili 24

Jana tulirudi chini ya mwavuli mmoja, mwavuli ule ule wa kwenye kitasa. Hatua mia mbili aliruka madimbwi tu. Nikasema mwenyewe.

"Sikufanya. Niliandika, lakini sikufanya."

"Usingeweza, babu. Neno la siri nililibadilisha jioni ya Machi 25."

Nikasimama kwenye dimbwi. "Ulisoma kushoto!"

"Kila siku."

"Ulisema kushoto ni kwangu!"

"Ni kwako. Mimi sijaandika hata herufi." Kisha tabasamu likamponyoka. "Ile ya kofi, kila nilipoikumbuka nilikwenda kuichekea chooni."

"Na hukunikataza."

"Nilikuwa nangoja nione utafanya nini. Ulipoandika lile la tarehe kumi na mbili, nililala." Akanivuta nitoke dimbwini. "Na kile kifungu cha muhuri ni changu, sikuombwa na mtu. Nilitaka tu asije akanisingizia. Asiyesoma watu, babu, hasomi na karatasi."

"Wewe umejuaje kwamba hasomi watu?"

Akautikisa mwavuli, matone yakanirukia. "Nani unadhani aliuning'iniza kwenye kitasa siku ile? Nilikuletea, mvua ilikuwa inakuja. Nilifika korido ikiwa inacheka."

Miaka miwili nimedhani kisasi nimekibeba peke yangu. Kumbe nilikuwa nashika upande mmoja tu wa mzigo.

Ijumaa, Mei 2

Bodi imeamua. Tai si meneja tena. Mpaka mvua ziishe ataingiza upya kadi mia nne na kumi na mbili, kisha aondoke. Atakayemsomea ni mimi: mia tatu na kitu ninazikumbuka, nyingine wenyewe wanakuja na vyeti vyao vya zamani. Madaktari wanahakiki dawa, mimi nahakiki maandishi. Wa dawa za kila mwezi tumeanza nao, na dirisha halifungwi mpaka wa mwisho aingie.

Mwenyekiti aliniuliza kama ninaweza kufanya kazi na mtu huyu bila chuki. Nikamjibu bila chuki siwezi, ila kwa usahihi naweza.

Tai anaandika kwa vidole viwili. Ninamsomea polepole. Akikosea, tunaanza upya. Akiuliza, "Umesema ngapi?" namwambia, "Kabati halirudii, ila leo litarudia."

Dada wa mapokezi ameleta chai. Vikombe viwili. Nikamtuma akalete cha tatu, chake.

Ijumaa, Mei 9

Mvua imekatika leo. Kadi ya mama yake Mwenyekiti ipo. Nilibonyeza 2217 mara tatu kwa raha tu.

Saa kumi jioni Tai alikuja na karatasi za wiki, kurasa kumi na nane, azitie muhuri mhakiki. Mhakiki ni mimi. Muhuri ni ule ule, mjukuu ameuweka kwenye droo yangu.

"Shikamoo, mzee," akasema. Mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Marahaba. Kaa."

"Ni za kutia muhuri tu. Nina gari la kuwahi."

Nilitoa miwani. Niliifuta kwa shati, jicho la kulia, jicho la kushoto. Nikavuta ukurasa wa kwanza, nikaweka kile kidole changu kipana chini ya neno la kwanza, nikaanza kusoma kwa sauti.

"Mzee, tafadhali."

"Nivumilie, bosi," nikamwambia. "Mimi ni wa darasa la nne na nusu. Nasoma neno kwa neno."

Kosa nililiona ukurasa wa kumi na saba, mstari wa pili kutoka chini. Nikamrudishia zote.